Ufito Uliovukia kwa Wifi

Mwanangu Rahma,

Mwaka jana, wiki ya mwisho ya Shaabani, tulipoteza mashina yote manne ya forosadi ya miiba kule shamba Mwera, na haukupita muda mimi nikampoteza wifi yangu Zuwena, shangazi yako, kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu mwenyewe. Naanza na hasara kwa sababu ndivyo nilivyozoea kufanya hesabu: kwanza kilichopungua, halafu kilichobaki. Safari hii kilichobaki ni kingi kuliko nilivyotarajia. Ndiyo maana nimekaa hapa mezani nnakuandikia kwa raha, wakati mama mwengine ambaye mtoto wake anapanda boti kesho asubuhi angekuwa anaulowesha mto.

Mambo ya sweta, soksi, dawa ya mafua na kutotembea na simu mkononi ushaambiwa na kila aliyepita mlangoni tangu Ijumaa. Baba yako amekwambia mara tatu. Mimi sitayarudia. Barua hii naitia katikati ya khanga zako, uikute boti ikishaondoka, maana tukiwa uso kwa uso wewe una kawaida ya kucheka na mimi nna kawaida ya kupandisha sauti, na tukishafika hapo hakuna anayemsikia mwenzake.

Kuna swali hujalijibu. Shangazi yako amekupa kipande chake cha shamba, kile kilichopakana na chetu. Alilisema wazi, mbele ya baba yako, mbele yangu na mbele ya mwanawe Seif, ambaye alikuwa anakitaka kwa kujengea: Rahma akikitaka ni chake, lakini aseme mwenyewe. Wewe ukacheka, ukambusu mkono, ukasema ahsante shangazi, ukaenda kufunga begi. Ahsante si jibu. Mtu akikukaribisha chai unasema ahsante na kikombe usikiguse. Nitalirudia swali hili mwisho, lakini kwanza nataka nikueleze nilivyofika hapa, kwa sababu mengi uliyaona kwa upande wako, na upande wangu sijawahi kukupa.

Unakwenda Lushoto kufanya kazi kwenye shamba la miche, miaka miwili. Mimi nilikwenda huko mara ya kwanza nikiwa mdogo sana, kwa sababu marehemu bibi yako, mama yangu, alikuwa mtu wa huko, aliletwa Unguja na ndoa. Kando ya njia, pale maji yanapopita, kulikuwa na vichaka vya miiba vyenye matunda meusi. Tulikuwa tunarudi nyumbani midomo imepiga zambarau na mikono imechanika, tunapigwa kwa ajili ya nguo na kesho tunarudi palepale. Bibi yako alilitaja jina lake kwa Kisambaa, mimi sikulishika. Nilipomuuliza Waswahili wanaliitaje, akafikiri, akasema ni kama forosadi, ila hii haina mti, ina miiba. Basi kwetu ikawa forosadi ya miiba, na jina hilo ni la nyumba yetu tu. Ukiwatajia watu wa huko watakutazama.

Nilikua, nikaolewa na baba yako. Kwao, Mji Mkongwe, bado walikuwa wakizungumza habari za mikarafuu ya babu yao kana kwamba imechumwa jana. Mikarafuu haikuwapo. Kilichobaki ni kile kipande cha Mwera, kikagawanywa kati ya baba yako na dada yake. Mimi niliingia katika nyumba ile nikiwa muuza malai, zile barafu tamu za watoto, wa dirishani mtaa wa Amani, ninayefungua friza kabla skuli hazijafunguliwa. Hakuna aliyenitukana, nisiwazulie. Walikuwa wananisifu. Asha hodari, Asha mikono yake haikai. Lakini ukisifiwa mikono kila siku, unaanza kujiuliza kama wameona na kichwa. Nikaliweka moyoni. Nilikuwa mtu wa kuweka, Rahma, na nilikuwa naweka vizuri, kila kitu mahali pake, kwa mfuatano, hata ukiniuliza leo Zuwena alisema nini siku ya arusi ya nani nitakwambia na alivaa nini.

Malai yakanipeleka kwenye juisi, juisi kwenye jamu, na jamu ikanifikisha hoteli moja ya Uroa. Jamu ya mabungo, ya mapera, ya shokishoki. Siku moja mpishi wa pale akanionesha mfuko uliotoka kwenye friza: matunda meusi yaliyogandishwa, yamesafiri kwa ndege kutoka ng'ambo ya dunia, kazi yao kupamba keki. Akanipa moja. Lilikuwa gumu kama kokoto, chachu, limeshakufa, lakini ulimi wangu uliwahi kulijua kabla yangu. Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa najiambia: wanaleta kwa ndege kitu ambacho mimi nilipigwa kwa ajili yake.

Hapo ndipo lilipoanza kosa langu la kwanza, nalo lilikuwa la haraka. Mtu mwenye hamu huona anachokitaka kila mahali. Wiki ileile, kwenye uzio wa shamba Mwera, nikaona kichaka chenye vitunda vyeusi vinang'aa, kimejaa, mashina yake yanakwaruza. Unakijua, kile chenye maua ya manjano na waridi katika kishada kimoja. Nikachuma bakuli zima, nikamwambia baba yako kumbe tulikuwa nayo na hatujui. Shangazi yako alikuwepo, alikuja kuangalia nazi zake. Akachuma jani moja, akalifikicha, akanisogezea puani.

"Linuse kwanza, Asha. Hiki hata mbuzi wanakipita."

Lilinuka ukali, kama kitu cha kufukuzia mbu. Nikamwambia mtu ambaye hajawahi kushika jembe asinifundishe majani. Akaenda zake kwenye nazi. Nilingojea mpaka amepotea njiani ndipo nikalimwaga bakuli. Baadaye nikaja kusikia kwamba vitunda vile vikiwa vibichi vinadhuru watoto, na wewe wakati ule ulikuwa unatia mdomoni kila kilicho mbele yako. Ahsante yake sikumpa. Niliona nikimpa nitakuwa nimekubali na hayo mengine yote.

Sasa tofauti naijua hata usingizini, na wewe unaijua, lakini niache niseme, maana wenzako wa Lushoto watakuwa na vichaka vya kila namna na si vyote vya kuliwa. Kile cha uzioni majani yake yanakaa mawili mawili, yanatazamana, na kila kitunda ni punje moja peke yake. Forosadi ya miiba jani lake limegawika, vijani vitatu, au vitano, au zaidi, katika kikonyo kimoja, kingo kama msumeno, na ukiligeuza mgongo wake ni mweupe. Miiba yake imepinda kurudi nyuma: inakuachia uingie, haikuachii utoke. Na tunda lake si moja, ni tone juu ya tone, yameshikana. Likiiva livute. Likitoka na moyo wake mweupe ndani, hiyo ni aina moja. Likiuacha moyo kwenye kikonyo na kubaki wazi mfano wa kastabini ya fundi cherehani, hiyo ni nyengine. Mimi nilidhani zote ni kitu kimoja, na hilo nalo lilinitia hasara.

Miaka mingi baadaye, mama mdogo alipofariki, nilikwenda Lushoto kuzika, na nilirudi na gunia bichi lenye mizizi kumi na mbili. Nne za ile nyeusi yenye moyo. Nne za aina nyengine, nyekundu, majani yake laini. Nne za ile ya kastabini, ambayo fito zake zimepakwa weupe kama poda ya mtoto. Baba yako alinipokea gatini akaniuliza kama nimekwenda matangani au sokoni. Nikazipanda zote sehemu moja, siku moja, kwa namna moja, karibu na kisima, chini ya kivuli cha mfenesi. Yule mpishi nshamwahidi.

Za moyo zilikufa zote nne jua la kwanza la kaskazi lilipozipiga. Zile nyekundu zilisimama mwaka, zikaota majani tu, zikachoka. Za poda zilipenda. Zilipenda mpaka zikanitisha. Moja katika tatu, nikajiambia, si mbaya, wapo watu walioanza na pungufu ya hapo. Na ingekuwa vizuri kama hesabu yangu ingeishia hapo.

Unaijua desturi yetu ya Shaabani. Mwezi ukikaribia kuisha nyumba inasuguliwa, sufuria zinatolewa uani, na shamba nalo linafyekwa, ili Ramadhani ikute pasafi. Kule Mwera kila mtu huangalia mpaka wa mwenzake. Mimi, mke wa mjini mwenye jina la mikono isiyokaa, nilifyeka kuliko wote. Nilifyeka mpaka udongo ukabaki mwekundu mtupu, na forosadi nazo nikazikata mpaka chini, usawa wa kifundo. Kwa nini nisikate? Kisamvu ukikikata kinachipua. Mchaichai ukiukata unanona. Nilidhani kila kijani kinalipenda panga.

Na kweli zilichipua. Fito nne zikawa tisa, mwaka uliofuata zikawa ishirini na moja. Nilizihesabu kila nilipokwenda, na hesabu ya fito ilinipendeza. Hesabu ya matunda ilikuwa sufuri, na sufuri niliipita juu kama vile haikuandikwa. Nikalaumu ardhi. Nikalaumu kisiwa, kwamba kina joto na watu wake wana maneno. Nikalaumu mbuzi wa jirani. Mtu aliyejitengeneza mwenyewe ana ugonjwa huo, Rahma, nakupa uujue kwa kuwa damu yangu unayo: kikipatikana ni mkono wangu, kikikosekana ni mtu.

Hakuna aliyeniambia, na sikumuuliza yeyote, kwamba ufito wa mmea ule mwaka wake wa kwanza huota majani tu. Mwaka wa pili ndipo ufito uleule unapozaa, kisha unakauka, na mpya zinashika zamu. Kwa hiyo kila Shaabani, kwa bidii na kwa nia safi ya kuipokea Ramadhani, nilikuwa nakata zilezile zilizokuwa zimebakisha kidogo zizae. Miaka mitatu mfululizo. Zuri ni kwamba nilikata sawasawa, haukusalia hata mmoja.

Mwaka jana shangazi yako akapita mpakani, siku moja kabla sijafyeka. Akasimama, akaziangalia, akacheka, akasema fito za Asha nene kuliko mikono yake. Hakusema mashaallah. Mimi nilisikia hilo tu, lisilosemwa. Kesho yake nikakata chini zaidi ya mwaka wowote, na mizizi nikaipiga jembe pembeni ili isinitambalie. Jua likawa kali, masika yakachelewa, na Idi ilipofika mashina yale manne yalikuwa kuni. Nilipovuta moja likatoka lote mkononi bila kushikilia chochote.

Sikukuu ya pili tulikwenda kwao Mji Mkongwe kama kawaida. Wageni wamejaa, kahawa inazunguka, haluwa ipo kwenye sahani. Mtu akaniuliza habari za shamba. Ningeweza kusema jua. Nikasema shamba lilikuwa zuri mpaka lilipotazamwa na jicho lisilojua kusema mashaallah, na nikamtazama Zuwena usoni ili asije mtu akakosea ni jicho gani. Shangazi yako aliweka kikombe chini. Akasema, basi mimi sitakuja tena kuangalia. Akaingia ndani.

Kumsingizia mtu hasadi mbele ya watu si jambo dogo katika mji huu, unajua. Watu hawakuulizi ushahidi, wanaanza kufunika vyakula vyao.

Tulipofika nyumbani wewe ndiye uliyekuja jikoni. Hukupandisha sauti. Ulisema hivi:

"Mama, panga lilikuwa la nani?"

Ilikuwa kauli moja tu, na ilikuwa na hesabu yote ndani yake. Ningekuwa mtu mzima siku ile ningekaa chini nikajibu. Nikakwambia kama unampenda sana kahamie kwake, na tangu leo kwake usiende. Ukasema naam, mama. Na tangu siku hiyo, Rahma, kila nikikuuliza jambo unasema naam, au unacheka, au unasema ahsante. Nilidhani umekuwa na adabu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba nilikuwa nimekukata, na kwa sababu uliendelea kuchipua majani sikuona tofauti.

Miezi ile ilikuwa mibaya. Baba yako aligeuka posta. Yai la Zuwena la kuku wa kienyeji linakuja, sahani yake inarudi na chapati, na hakuna mwanamke anayetaja jina la mwenzake. Baba yako alisema siku moja kwamba yeye sasa angepewa baiskeli na kofia. Sikucheka, ila nilitaka.

Mwezi uliopita, wa Rajabu, simu ikalia. Nikaona jina la Zuwena, nikadhani kuna msiba. Hakunisalimu.

"Asha, njoo shamba uchukue uchawi wako. Umezaa."

Uliona nilivyovaa buibui kinyume. Tulikwenda wote watatu, baba yako mbele. Zuwena alikuwa amekaa juu ya ndoo upande wake wa mpaka, mguu wake mbovu ameunyoosha, amejifunika ukaya kama bibi arusi. Nyuma yake kilikuwapo kichaka. Ufito mmoja wa kwetu, wa mvua za vuli zile za kabla, ulikuwa umejipinda ukavuka mawe ya mpaka, ncha yake ikagusa udongo wa kwake, ikatia mizizi. Mimi nilipokata upande wangu nilikata mkia. Kichwa kilikuwa kwa wifi. Na pale kwake ukatoa fito mpya, zikapitisha mwaka bila ya kuguswa na mtu, na sasa zilikuwa zimeinama kwa matunda: mengine ya kijani, mengine mekundu, mengine meusi yenye vumbi jeupe. Nilihesabu thelathini na saba, ndivyo nilivyo, nilihesabu kabla sijamsalimia mwenye shamba.

Nikavuta moja. Likatoka wazi, mfano wa kastabini. Nikakupa wewe la kwanza.

Baba yako ndiye aliyeuliza kwa nini upande ule haukufyekwa. Zuwena akasema alimkataza Haji, mtu wake wa shamba, asikiguse, wala asikipumulie. "Kikifa na huku, si nitaambiwa nna macho manne?" Baba yako akageuka kuangalia mfenesi, mabega yanamtikisika. Wewe ulikuwa umeziba mdomo kwa mkono wenye zambarau.

Fikiri jambo hilo. Zilizobaki kwangu ziliuliwa na bidii yangu. Ile iliyopona ilipona kwa sababu ya tuhuma yangu: nilimtisha mtu mpaka akaogopa kukata. Mimi nimeizungusha hesabu hiyo kichwani siku nyingi na haikubali kunipa sifa hata moja.

Nilikuwa nimeandaa maneno marefu ya kumwomba radhi, nimeyapanga kwa miezi, yana utangulizi. Hayakuja. Nilikaa chini pale kwenye udongo na buibui langu la kinyume, nikasema, "Zuwena, nilikuwa nakata mimi."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

"Mbona hukunambia?"

"Uliniambia sijawahi kushika jembe."

Akanishika kichwani kama unavyomshika mtoto mwenye homa, akaniambia niinuke, chini kuna siafu. Na kweli walikuwapo.

Rahma, sijui kama ulikiona nilichokiona siku ile, kwa sababu wewe ulikuwa unakula. Nilijisikia kama mtu aliyebeba pakacha la nazi kichwani miaka na miaka, akaja mtu akalishusha, na shingo ikawa haijui ifanye nini. Ningali hivyo mpaka usiku huu. Mambo yale niliyokuwa nimeyaweka kwa mfuatano, arusi ya nani, nani alisema nini, nikiyatafuta nayakuta, lakini hayana uzito. Sikujua kwamba nimechoka.

Na tangu siku ile tunafanya kazi. Fito zilizokwisha kuzaa tunazikata, hizo ndizo za kukatwa, na zile za mwaka huu tunazifunga uzi mwekundu ili panga la mtu yeyote, hasa langu, lizijue. Tumeinamisha ncha tisa tukazifukia chini ya udongo, kila moja na jiwe lake juu. Saba zimeshika. Shangazi yako anazimwagia maji kwa birika la kahawa, mimi nalalamika, yeye anamwaga. Shaabani hii tumefyeka kila kitu isipokuwa hizo, na Haji anasema shamba letu sasa linaonekana kama kichwa kilichonyolewa kikaachwa kishungi.

Sitakudanganya kuhusu mavuno. Hapa si Lushoto. Zitazaa kidogo, matunda madogo, na mvua ikizidi yanaoza mtini. Yote thelathini na saba hayangejaza kikombe cha chai. Yule mpishi wa Uroa aendelee na kokoto zake za ndege, na mimi nimemwambia hivyo waziwazi, na baada ya kumwambia nililala usingizi mzuri. Kwa miaka mingi nilitaka kile kichaka kinishuhudie. Sasa nakitaka kizae tu.

Bado nna manung'uniko, usije ukadhani mama yako kabadilishwa. Nanung'unika kwamba unaondoka siku chache kabla ya Ramadhani, na futari ya kwanza meza itakuwa na pengo. Nanung'unika kwamba miche ya watu itapata mikono ambayo mimi ndiye niliyeifundisha kupogoa. Na mtu wa kwanza uliyemwambia kwamba unakwenda alikuwa Zuwena, kabla yangu. Hilo la mwisho lilinichoma, nikaenda nikalipima, nikaona ni haki yake. Yeye ukimwambia neno halikati.

Sasa kile kipande. Seif si mtu mbaya, na haja yake ni ya kweli. Ana watoto wawili na chumba kimoja. Fundi wake anakuja Mwera Jumamosi asubuhi kupima msingi. Ukisema hukitaki, atapima, sisi tutaihamishia miche saba upande wetu kabla ya masika, na wallahi sitakununia. Ukisema unakitaka, baba yako ameshazungumza na Seif: atampa ile sehemu ya nyuma ya nyumba yetu hapa Amani, na Seif ameridhika, ni karibu zaidi na kazi yake. Njia zote mbili nimezitembea kwa miguu, na zote mbili zinapitika. Kitu kimoja tu hakipitiki, nacho ni wewe kunyamaza, Seif achimbe, halafu miaka miwili baadaye urudi ukiangalie kipande kile kwa jicho la mtu aliyekatwa.

Usikubali kwa kunionea huruma. Usikatae kwa ajili ya yale ya jikoni. Nimekwambia nilikosa, na nakwambia tena kwa maandishi, ubaki nayo: panga lilikuwa langu. Ulijibu wazi mara moja, nikakuadhibu, na najua kwamba ulimi ukishaadhibiwa haurudi kwa kuitwa. Lakini mimi nimekaa karibu mwaka mzima na naam zako, Rahma, na nimezihesabu, na hazijanijazia hata kiganja.

Leo Jumanne. Kesho utachoka na safari, Alhamisi utatafuta pa kulala. Ijumaa nitakuwa kwa Zuwena tangu asubuhi, simu iko mezani kati yetu wawili. Kabla ya adhana ya Adhuhuri piga, usiandike, usitume kidole gumba, usicheke, usimwambie baba yako atuambie. Sema kwa sauti yako: kipande kile unakitaka, au hukitaki?